Mashine Isiyopiga Hodi

Siku Wajdi alipoanza kucheka peke yake, mama yake, Hajjati Inshirah, alikuwa jikoni anachambua mulukhiya. Alikisikia kicheko kikitoka chumbani, kifupi na kikavu, kama kikohozi. Akadhani kijana yuko kwenye simu. Alipochungulia, simu ilikuwa imelala kitandani, kioo kimezimika, na mwanawe amekaa na soksi mguu mmoja, anatazama ukuta.

"Unacheka na nani, we Wajdi?"

"Na nafsi yangu, mama."

"Imekwambia nini cha kuchekesha?"

"Wameniita kazini. Wanabadilisha mifumo ya mashine zote kabla ya Ramadhani, na wamegundua hakuna anayeiweza kazi hiyo ila mimi."

Hajjati alisema alhamdulillahi, akarudi kwenye mboga yake. Na hapo ndipo alipokosea. Enyi wenye watoto, habari njema haichekwi vile. Mtu aliyepata kazi hucheka huku anamtafuta wa kumwambia. Anayecheka na ukuta ana jambo jingine.

Jambo lenyewe lilikuwa na jina, na jina hilo ni Shahir. Wajdi na Shahir walikulia uchochoro mmoja huko Shubra, wakivunja vioo vya majirani pamoja. Mama zao walinunua nyanya kwa muuza mboga mmoja. Shahir alipokuwa meneja wa nyumba moja ya kuhariri tamthilia huko Duqqi, mama yake, Hajjati Nafusa, ndiye aliyemwambia, "Mchukue Wajdi wa Inshirah, kijana ana kichwa." Akamchukua, akampa kazi ya kutunza mashine za kompyuta, na tangu siku hiyo akamtazama kama mtu anavyokitazama kiti alichokinunua.

Ramadhani iliyopita, Shahir alitaka chai mara tu baada ya mzinga wa futari, akachomeka birika la umeme kwenye soketi ya mashine, ile ambayo Wajdi aliibandikia karatasi nyekundu. Umeme ukakatika nyumba nzima. Tamthilia ya jioni hiyo ikachelewa, na Misri yote ikakaa inatazama tangazo moja la samli likirudiwa na kurudiwa. Mwenye nyumba, Hajji Mutawalli, akaja na povu mdomoni. Shahir akanyoosha kidole.

"Huyu hapa, Hajji. Alilala."

Birika lilikuwa bado linatoa mvuke nyuma yake. Wajdi akafungua mdomo, akawakumbuka wale mama wawili kwa muuza mboga, akaufunga. Jina lake likafutwa kwenye orodha ya majina inayopita kwenye kioo mwisho wa kila sehemu ya tamthilia. Mwezi wote uliobaki akawa anabeba trei za maharage ya ful kuwafuturisha wafanyakazi. Wakamwita Mhandisi Maharage. Hata mlinzi wa mlangoni alikuwa akimwita, "Mhandisi Maharage! Leo ndimu umekamua au umelala tena?"

Mtu mmoja tu ndiye aliyesimama upande wake. Ni Bahija, mhariri wa picha, mwanamke mtu mzima ambaye wote walimwita Abla, kama dada mkubwa wa nyumba. Alimwambia Hajji Mutawalli usoni, "Mtu aliyelala hatoki jasho vile. Gusa hilo birika." Hajji hakuligusa. Baada ya Idi, Wajdi akaambiwa akapumzike nyumbani, ataitwa.

Sasa ameitwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyumba ile ilikuwa na diski kuu moja, kabati zima linalovuma kama jokofu, na mashine nne zilizochota humo kwa pamoja. Abla Bahija akikata picha chumbani kwake, mtu wa sauti anaiona papo hapo chumbani kwake. Hakuna kubebeana. Lakini mashine mbili zikiandika mahali pamoja kwa wakati mmoja bila kuambiana, zinachana kazi vipande vipande. Kwa hiyo kila mashine hufundishwa kupiga hodi. Kabla ya kugusa faili inawaambia wenzake, naingia hapa, nao wanakaa mbali mpaka itoke. Na ile itakayoitwa isiitike, wenzake hawaibembelezi. Wanaikatia umeme. Mashine iliyopigwa bumbuwazi inaweza kuzinduka na kuandika upuuzi juu ya kazi za watu.

Mfumo mpya ukiwekwa, mashine huzaliwa upya na haimjui jirani. Inabidi kuiwekea programu ya kufuli, kuitajia majina ya wenzake, kusawazisha saa zao, kuionyesha swichi ya kukatiana umeme. Diski huunganishwa mwisho kabisa. Majina, yote ya vyakula, alishayatoa Abla Bahija siku moja ya njaa ya saumu: Mulukhiya, Kushari, Bamia na Basbusa. Basbusa ilikuwa ofisini kwa Shahir.

"Karibu, Mhandisi Maharage!" Shahir alimpokea mbele ya watu. "Umenenepa, au ni hasira?"

"Ni maharage, Bey," alijibu Wajdi, kwa neno la heshima wanaloitwa wakubwa.

Watu wakacheka. Wajdi naye akacheka, na aliyemjua angeogopa.

"Sasa nisikilize. Hii Basbusa yangu ilinidhalilisha mwaka jana. Nimesimama hivi na watu wa televisheni, nawaonyesha, mara puu, giza! Kwa nini?"

"Ulichomoa kebo ya mtandao ukahamisha meza, Bey. Wenzake wakaiita, haikuitika, wakaikata."

"Nani kawapa ruhusa? Humu ndani anayekata watu ni mimi. Mashine ya meneja ipige hodi kwa Bamia? Bamia!"

Wajdi wa zamani angemweleza. Angechora hata picha. Wajdi huyu alihisi kitu baridi kikishuka kifuani kama maji ya ukwaju siku ya joto. Maana kwenye mipangilio kuna neno moja, linalotumika mashine zote zikizimwa na ikabaki moja kwenye matengenezo. Neno hilo huiambia mashine: diski ni yako peke yako, usipige hodi, usimsikilize mtu. Likiandikwa wakati wengine wako kazini, ni sawa na kumpa kichaa panga kwenye chumba chenye giza.

"Samahani, Bey, sikusikia vizuri. Sema tena."

Abla Bahija alikuwa amesimama mlangoni. Mlinzi alikuwa anapita na masanduku. Shahir akapaza sauti, maana alipenda kusikika.

"Basbusa isipige hodi kwa mtu yeyote! Na isikatwe na mtu yeyote! Umesikia sasa, au nikuandikie kwa maharage?"

"Nimesikia, Bey. Na hawa wamesikia. Amri yako."

Alizifundisha mashine tatu kwa upole, kama mtu anayefundisha watoto wa jirani kusalimia. Alizijaribu, akachomoa kebo makusudi akaona zinavyokatana umeme kwa adabu, akaridhika. Kisha akaingia ofisini kwa Shahir, akakaa kwenye kiti chake cha ngozi, akaandika lile neno moja. Akalisoma. Akacheka kile kicheko kikavu. Halafu akaizima Basbusa ikiwa vilevile, maana Shahir alikuwa anaondoka kwenda pwani kupiga picha za matangazo, na asingeiwasha mpaka arudi. Shahir mwenyewe ndiye atakayebonyeza. Huo ndio utamu aliokuwa akiulala na kuuamkia. Kidole chake mwenyewe!

Abla Bahija alimkuta kwenye ngazi.

"Na Basbusa nayo umeifundisha adabu?"

"Nimefanya alivyosema mwenyewe."

"Shahir husema mengi. Alisema pia atanipa kiyoyozi. Anayejua mashine ni wewe."

"Mwaka jana nilinyamaza nikaitwa mlalaji, Abla. Mwaka huu nimetii. Waniite nini tena?"

Abla Bahija akamsogelea. Alikuwa na miwani inayoning'inia shingoni kwa uzi, na alikuwa na tabia ya kuivaa pale tu anapotaka kumwona mtu vizuri. Akaivaa.

"Wajdi, mdogo wangu. Ugomvi wako na Shahir ukauchezee nje. Humu ndani nina watu wangu."

Watu wake walikuwa ni picha. Na mwaka huo mmoja wao alikuwa mzee Abdul-Tawwab, mwigizaji aliyecheza baba wa tamthilia ile. Alimaliza kupiga picha yake ya mwisho, ile ya kumuaga binti mlangoni, akaenda nyumbani, akafa kabla mwezi wa Shaabani haujakwisha. Kadi za kamera Shahir alikwishaamuru zifutwe zitumike tena, ubahili tu. Kwa hiyo uso wa mzee ule ulibaki kwenye diski kuu peke yake, na Abla Bahija aliukata na kuuunga, akaukata tena, hataki kuuachia.

"Kuna kitu, niambie," alisema Abla Bahija pale kwenye ngazi.

"Hakuna kitu, Abla."

Msidhani Wajdi alitaka kumuumiza. Alikuwa ameshapiga hesabu yake. Kila sehemu iliyokamilika alikuwa akiinakili kwenye diski nyingine, kabatini, chini ya ufunguo. Alijiambia, hata Basbusa ikichana diski nzima, tutarudisha nakala, tamthilia itachelewa jioni moja, na Shahir atakuwa ameanguka. Desturi ya nyumba ile ni kwamba mhariri akimaliza sehemu hugawa peremende, na peremende mezani kwa mhandisi maana yake ni moja: nakili. Katika kumi la mwisho la Ramadhani, Wajdi alikuta peremende mezani kwake. Akanakili bila kufungua kuona. Ilikuwa ya sehemu inayotangulia ile ya mwisho. Ya mwisho, Abla Bahija alikuwa bado anayo mkononi. Mtu mwenye akili zake angeuliza. Akili za Wajdi zilikuwa zimekaa pale kwenye kiti cha ngozi, zinasubiri kidole.

Shahir akarudi kutoka pwani, mweusi wa jua, na jioni hiyohiyo akaalika watu wa televisheni wafuturu ofisini kwake waione sehemu ya mwisho kabla ya nchi nzima. Wajdi alijua. Akaaga mapema, akaenda Shubra kufuturu na mama yake.

Mzinga ulilia. Hajjati Inshirah alimimina supu ya tambi, akaweka mulukhiya, akaweka juisi ya aprikoti aliyoiloweka tangu asubuhi. Wajdi hakugusa tende. Alikuwa ameweka simu kando ya bakuli.

Ikalia.

"Wajdi!" Sauti ya Abla Bahija ilikuwa juu. "Picha zinakulana! Nimefungua sura ya mzee, nusu uso, nusu tangazo la samli! Naona zinaendelea kuharibika nikitazama. Nizime?"

Jibu lilikuwa maneno mawili. Zima zote. Kila mashine ikizimwa palepale, kinachochanika ni kidogo, na mtu mwenye ujuzi hukaa akakishona. Wajdi alilijua jibu hilo kama anavyolijua jina lake. Akachota supu.

"Bey yuko wapi, Abla?"

"Yuko ofisini na wageni wake, anapiga kelele! Nakuuliza nizime?"

"Anapiga kelele anasemaje?"

"Wajdi, unanisikia kweli?"

"Ngoja kidogo, nafikiria."

Hakuwa anafikiria. Alikuwa anamwona Shahir akitoka jasho mbele ya wageni, akibonyeza hiki na kile, na kila anapobonyeza Basbusa inaandika zaidi. Alitaka jibu lichelewe kidogo. Alitaka lile jasho lifike kwenye kola ya shati. Akachota tena, akanywa.

"Mjibu mwenzio," alisema mama yake.

"Namjibu, mama."

"Mwanamke analia kwenye simu nawe unakunywa supu?"

Wajdi akakwangua bakuli mpaka chini. Ndipo aliposema, "Zima zote, Abla. Nakuja."

Alipofika Duqqi, Hajji Mutawalli alikuwa ameshafika, na wageni wamesimama ukumbini na sahani zao mikononi, hawajui waende wapi. Shahir alikuwa amelowa. Jasho lilikuwa limefika kwenye kola, kama alivyolitaka.

"Huyu hapa!" Shahir akanyoosha kidole kilekile. "Alilala tena! Kaharibu mipangilio!"

Wajdi akasubiri pakanyamaza. Mwaka mzima alikuwa akifanya mazoezi ya sauti hii, mbele ya kioo cha bafu.

"Hajji, muulize mlinzi Meneja alisema nini kuhusu Basbusa."

Mlinzi akakohoa. "Alisema isipige hodi kwa mtu yeyote, Hajji. Alisema kwa nguvu. Nilikuwa nimebeba masanduku."

"Na nani ameiwasha leo?"

Wageni wakamtazama Shahir. Mmoja wao, bila kuulizwa, akasema, "Yeye mwenyewe. Alituambia tutazame kidole chake."

Hajji Mutawalli hakupiga kelele safari hii. Alimpokonya Shahir funguo za ofisi palepale, ukumbini, mbele ya watu wa televisheni, na sauti ya funguo zikigongana ilimwingia Wajdi mwilini kama dawa. Shahir alipopita kwenda mlangoni, Wajdi akamsogelea, akamwambia taratibu, mtu mwingine asisikie:

"Birika lako lipo jikoni, Bey. Nimelikausha. Usilisahau."

Shahir alisimama, akamtazama usoni. Kisha akatabasamu kidogo, akatoka.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Wajdi alipewa ofisi, kiti cha ngozi na umeneja wa mitambo, na jina lake likaahidiwa kurudi kwenye orodha. Akatoa nakala zake kabatini kwa mbwembwe, akazirudisha moja moja, zote nzima. Akafika kwenye ya mwisho. Akafungua. Akafungua tena. Akaenda chumba cha Abla Bahija.

Alikuwa amekaa mbele ya kioo cha kijivu, miwani shingoni.

"Abla, sehemu ya mwisho… peremende si uliniwekea?"

"Hiyo ilikuwa ya sehemu ya kabla yake. Ya mwisho sikuwa nimemaliza. Nilikuwa napunguza pumzi yake pale mlangoni, ilikuwa ndefu kidogo." Akapangusa meza pasipo na vumbi. "Kilichobaki ni bega lake na sauti. Uso hakuna."

"Kama ungezima mapema…"

Hapo akaivaa miwani.

"Nilikupigia simu nikuulize nizime. Nilisikia kijiko, Wajdi."

Akakizima kile kioo cha kijivu.

"Nilisikia kijiko kinakwangua bakuli. Nikajiambia, huyu hafikirii. Huyu anakula. Ulijua?"

Alitafuta uongo, na uongo aliokuwa nao mwingi mwaka mzima haukuja hata mmoja.

"Sikujua kama ni mzee."

"Basi ulijua." Akasimama, akachukua mkoba. "Mwaka jana niliapa mbele ya Hajji kwamba wewe hukulala. Ni kweli, wewe huwa hulali."

Hakumwita mdogo wangu. Hakumwita tena, wala hakurudi kwenye nyumba ile. Mara mbili Wajdi alimpigia simu. Mara ya pili akasikia inapokelewa, ikakatwa.

Sehemu ya mwisho ilirushwa jioni ya kuamkia Idi. Mzee Abdul-Tawwab alionekana bega tu, na binti anaagwa na mlango. Hajjati Inshirah, aliyeifuata tamthilia ile mwezi mzima bila kukosa, alitazama mpaka mwisho. Orodha ikapita, jina la mwanawe likapita, kubwa, peke yake kwenye kioo. Alikuwa amelisubiri jina hilo mwaka mzima. Hakupiga kigelegele. Aliinuka akatoa vyombo mezani, na kesho yake ya Idi, na siku zilizofuata, hakupika supu tena, wala Wajdi hakumuuliza kwa nini.

Mambo yakaenda hivyo mpaka majira ya nyanya nzuri. Siku moja Hajjati alirudi sokoni na kikapu, akakaa kwenye kiti cha mlangoni bila kuvua viatu.

"Nimekutana na Hajjati Nafusa kwa muuza mboga."

Wajdi aliinua macho kwenye simu. "Amekutukana?"

"Hakunitukana. Amenibusu kama siku zote. Anasema Shahir amepata kazi. Yuko televisheni penyewe, huko mnakopeleka vipindi vyenu vyote. Yeye ndiye anayepokea."

"Vizuri. Mungu amsaidie."

"Nikamuuliza, kijana anaendeleaje, baada ya yale? Akasema anaendelea vizuri mno. Akasema, 'Inshirah, wallahi namshukuru Mungu, siku hizi namsikia chumbani kwake anacheka peke yake.'"

Nyanya moja ilitoka kikapuni ikabingirika mpaka kwenye mguu wa Wajdi. Hakuna aliyeinama kuiokota.